Shiva Haangamizi Tu: Mhadhara Juu ya Miungu ya Kihindu na Kazi Zake

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu mliotoka Kisutu, namaste.

Mada niliyopewa ni miungu mikuu ya dini ya Kihindu na kazi ya kila mmoja. Najua mnangoja nini. Mnangoja nichore jedwali: Brahma anaumba, Vishnu anatunza, Shiva anaangamiza. Mistari mitatu, mnanakili, tunakwenda kunywa chai. Jedwali hilo linapendwa kwa sababu linafanana na baraza la mawaziri: huyu kapewa ujenzi, yule matengenezo, yule bomoabomoa. Leo silichori. Walionisikia zamani wanajua nitakayosema, na nitayasema tena, maana jedwali bado liko ubaoni.

Tuanze na Brahma, kwa kuwa ndiye anayeliumbua jedwali lenyewe. Kama hawa watatu wako sawa na wamegawana kazi, nionyesheni mahekalu ya Brahma. Ya Vishnu na ya Shiva huko India hayana idadi. Ya Brahma ni ya kutafuta. Linalojulikana zaidi liko Pushkar, Rajasthan, kando ya ziwa. Waongoza watalii hupenda kusema ni hilo moja tu duniani. Si kweli: lipo la Khedbrahma kule Gujarat, lipo la Kumbakonam katika Tamil Nadu, na mengine machache. Lakini hata ukiyakusanya yote hupati dhehebu. Hakuna dhehebu kubwa linalomwita Brahma Mungu Mkuu. Muumba wa ulimwengu mzima, na wa kumwashia taa ni wa kutafuta kwa tochi!

Sababu? Hadithi ni nyingi. Ya Washaiva, yaani wafuasi wa Shiva, ndiyo inayotufaa. Brahma na Vishnu wanabishana nani mkubwa. Ghafla inazuka kati yao nguzo ya moto isiyo na chini wala juu. Vishnu anageuka nguruwe mwitu, anachimba kwenda chini. Brahma anakuwa bata bukini, anaruka kwenda juu. Vishnu anarudi na kukiri kwamba mwisho hakuuona. Brahma anarudi na ua la ketaki, jamaa wa mkadi wetu wa pwani, analileta kama shahidi kwamba kafika kileleni. Nguzo inapasuka, Shiva anatokea, uongo unafichuka. Hukumu: Brahma hataabudiwa, na ketaki haitapelekwa mbele ya Shiva. Mpaka leo anayeijua ibada hampelekei Shiva ua hilo, hata likinukia vipi.

Sasa ondokeni kwa Washaiva, nendeni kwa Wavaishnava. Huko Vishnu amelala juu ya nyoka Shesha, baharini. Kitovuni mwake linachipuka yungiyungi, na juu ya yungiyungi ndipo anapokaa Brahma. Kwa hiyo muumba naye ameumbwa. Nendeni kwa Washakta, wanaomwabudu Mungu wa kike, Devi. Bahari ni ile ile, nyoka ni yule yule, Vishnu amelala vile vile. Wanakuja mashetani wawili, Madhu na Kaitabha, wanataka kumuua Brahma. Je, Brahma anamwita Vishnu? Hapana. Anamwomba Devi, kwa sababu usingizi wa Vishnu ndiye Devi mwenyewe. Mpaka atoke machoni na kifuani mwake, mtunza ulimwengu haamki.

Mandhari moja, wakubwa watatu. Kwa hiyo ukiingia hekaluni ukauliza "huyu ana kazi gani" kabla hujajua uko nyumbani kwa nani, jibu lolote utakalopewa litakupotosha.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua: "Lakini Trimurti, yaani hao watatu kwa pamoja, imo kwenye maandiko yao wenyewe!" Imo. Purana, maandiko yao ya visa vya kale, zinayo, washairi wanayo, ni wazo la Kihindu halali kabisa. Nisichokubali ni kulifanya mlango wa kuingilia. Mfano mzuri ni pango la Elephanta, kisiwa kilicho mbele ya Mumbai. Ndani ya mwamba kumechongwa kichwa chenye nyuso tatu, kazi ya karne ya 6, kirefu kupita mita 5. Wageni walipokiona wakasema: nyuso tatu, basi Brahma, Vishnu na Shiva. Jina la Trimurti likaganda kwa miaka mingi. Ukikitazama kwa makini, uso mmoja ni mkali, una masharubu na nyoka. Wa pili ni laini wa kike, na mkono umeshika ua. Wa katikati umetulia, macho yamefumbwa. Wote watatu ni Shiva: Shiva wa kutisha, Shiva katika umbo la mke, na Shiva aliye juu ya yote mawili. Jedwali liliwafanya watu wenye macho mazima wasione kilichokuwa mbele yao.

Na hapa nifike kwa Nataraja, Shiva anayecheza ngoma. Mwenyekiti, kwa hili naomba dakika zangu.

Sanamu za aina hii zilifikia ubora wake chini ya wafalme wa Chola, nchi ya Watamil, kati ya karne ya 9 na ya 13. Makao ya Nataraja ni hekalu la Chidambaram. Zinatengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na metali nyingine, na mafundi wa Swamimalai bado wanazifanya kwa njia ile ile. Unatengeneza sanamu kamili ya nta. Unaipaka udongo laini wa mto Kaveri, kisha tabaka za udongo mnene zaidi, na kila tabaka linakauka kivulini. Unapasha moto, nta inatoka, unamimina shaba mahali pake. Udongo ukiwa bado na unyevu, mvuke unapasua kalibu na kazi yote imekwisha. Ikitoka salama, udongo unavunjwa. Kalibu haitumiki mara mbili.

Sasa isomeni pamoja nami. Mikono ni minne. Mkono wa kulia wa juu una kingoma kidogo chenye kiuno chembamba, damaru: mlio wake ndio mwanzo wa uumbaji. Andikeni: kuumba. Mkono wa kulia wa chini umeinuliwa, kiganja mbele, kana kwamba unasema usiogope: kutunza. Mkono wa kushoto wa juu una mwali wa moto: kuangamiza. Tumeshamaliza kazi zote tatu za jedwali, na wizara zote zimo mikononi mwa mungu mmoja! Na hatujafika miguuni.

Mguu wa kulia umemkanyaga kibwengo, Apasmara, ambaye ni usahaulifu na ujinga. Mguu huo ni kazi ya nne: kuficha. Shiva anauficha ukweli usionekane, ili nafsi ipitie maisha na ikomae. Mguu wa kushoto umeinuliwa hewani, na mkono wa kushoto wa chini umevuka kifua ukiuelekezea vidole. Hiyo ni kazi ya tano: neema, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Muumini anayejua hamalizii macho yake kwenye moto. Anamalizia kwenye mguu ulioinuliwa, kwa sababu mkono umemwonyesha.

Kazi tano, ndugu zangu. Washaiva wa Kitamil wameziorodhesha kwa karne nyingi. Kwao kuangamiza ni moja kati ya tano, na wala si ya mwisho. Halafu mtu anakuja na mistari mitatu anamwita "mungu wa uharibifu", kama vile ni mhalifu anayetafutwa.

Tazameni pia masikio: hereni ya kulia ni ya kiume, ya kushoto ni ya kike. Sababu utaiona wazi katika umbo la Ardhanarishvara, ambamo nusu ya kulia ni Shiva na nusu ya kushoto ni Parvati, mkewe. Na tazameni kitako cha sanamu: kina matundu au vishikio. Hapo hupita miti ya kuibebea barabarani siku ya sikukuu, maana jiwe la ndani ya hekalu halitoki. Makumbusho ya Ulaya huionyesha ikiwa tupu. Hekaluni imevikwa hariri na maua, huoni nusu ya haya niliyoyataja. Muumini anayajua bila kuyaona.

Mtu mwingine ataniuliza: "Yote haya si kuabudu shaba tu?" Haya, tulijibu. Sanamu inapotoka kwa fundi ni kazi ya sanaa, basi. Lazima ifanyiwe ibada ya kuitia pumzi, prana pratishtha, na macho yake yafunguliwe kwa sindano ya dhahabu. Kuanzia hapo ni mgeni wa heshima: anaamshwa, anaogeshwa, anavikwa, anafukiziwa ubani, anawashiwa taa ya samli, analishwa, anapewa tambuu na popoo, analazwa. Orodha kamili ni huduma 16. Kwa asiye na nafasi ni 5: sandali, ua, ubani, taa na chakula. Ukimleta mgeni huyo nyumbani ukaacha kumhudumia, hilo ni kosa, ndiyo maana familia nyingi hutosheka na picha au sanamu ndogo. Sanamu ikivunjika haiabudiwi tena, hupelekwa majini. Sasa niambieni: anayeabudu shaba anaitupa shaba yake mtoni? Na wapo Wahindu wasioitaka sanamu kabisa. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875, huabudu kwa moto na mistari ya Veda, maandiko yao ya kale kabisa, tu, na tawi lake la Nairobi ni la mwaka 1903.

"Basi, Mungu ni mmoja au ni wengi?" Swali hilo waliulizana wenyewe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika Upanishad ya Brihadaranyaka, andiko lao la kale la falsafa, Shakalya anamwuliza mwanachuoni Yajnavalkya: miungu ni mingapi? Anajibu: 303 na 3,003. Sawa, lakini ni mingapi hasa? 33. Hasa? 6. Hasa? 3. Hasa? 2. Hasa? Mmoja na nusu. Hasa? Mmoja. Anayetaka kucheka kwenye "mmoja na nusu" acheke, mazungumzo yale yana utani wake. Ila hakuna jibu hata moja linalofutwa na linalofuata.

Vishnu sasa, na nitakwenda mbio. Mtambueni kwa vitu vinne: kome linalopulizwa kama baragumu, kisahani chenye makali kiitwacho Sudarshana, rungu, na yungiyungi. Kipando chake ni Garuda, tai mwenye umbo la mtu. Vitu vinne katika mikono minne vinapangika kwa namna 24, na kila mpango una jina lake: Keshava, Narayana, Madhava, Govinda na wengine. Unaanza kusoma mkono wa kulia wa chini, unapanda wa kulia wa juu, unavuka kushoto juu, unashuka. Fundi akikosea mkono mmoja, amechonga umbo jingine na jina jingine. Kazi ya Vishnu ni kushuka duniani haki inapozidiwa. Orodha inayojulikana ina kushuka mara 10: samaki, kobe, nguruwe mwitu, mtu-simba, kibeti, Parashurama, Rama, Krishna, Buddha, na Kalki ambaye bado hajaja. Wengine humweka Balarama mahali pa Buddha. Lakini waulizeni wafuasi wa Krishna wa Bengal: watawaambia Krishna si tawi la Vishnu, Vishnu ndiye tawi la Krishna. Baraza la mawaziri limeanguka tena.

Devi. Huyu jedwali halimtaji kabisa, na kwa hilo tu lilistahili kuchanwa. Nyati-shetani Mahisha amewafukuza miungu mbinguni. Hasira zao zinatoka kama mwanga, zinaungana, anakuwa mwanamke: Durga. Shiva anampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani, Vayu wa upepo upinde na mishale, Indra mfalme wa miungu radi, mlima Himalaya simba wa kupanda. Msomaji wa haraka atasema: kumbe nguvu zake ni za kuazima. Andiko lenyewe, Devi Mahatmya, beti 700 katika sura 13, limeliona pingamizi hilo. Mbele kidogo adui mwingine, Shumbha, anamcheka kwamba anapigana kwa nguvu za wengine. Anajibu kwamba yuko peke yake, nani mwingine yupo? Na miungu wa kike wote waliokuwa wakipigana naye wanaingia ndani yake. Waliomkopesha silaha walikuwa wanamrudishia mali yake.

Ndiye anayesherehekewa usiku 9 za Navaratri. Majirani wa Wagujarati hapa Dar, Mombasa na Nairobi mmeisikia garba: watu wanazunguka wakipiga makofi au vijiti, na katikati kuna chungu chenye matundu, taa inawaka ndani. Chungu hicho ni Devi. Mkidhani ni pambo mmekosa kiini chote cha usiku ule.

Na undugu wao je? Mgujarati atakuambia Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, ni mke wa Vishnu. Nenda Bengal wakati wa Durga Puja: jukwaani Durga yuko katikati, na pembeni Lakshmi, Saraswati wa elimu, Ganesha mwenye kichwa cha tembo na Kartikeya wa vita, wote wanawe, wamekuja naye kwa wazazi wake. Kusini, Kartikeya huyo huyo ni Murugan, ana wake wawili na ni kipenzi cha Watamil. Kaskazini wengi humwona kijana asiyeoa. Usimsahihishe mtu nyumbani kwake.

Lakshmi na Saraswati nilitaka kuwapa nusu saa. Niwape jambo moja la madukani. Mwaka wa hesabu wa mfanyabiashara wa Kigujarati hufungwa Diwali, na daftari jipya hufanyiwa ibada, chopda pujan. Ganesha kwanza, kama kawaida, maana yeye huondoa vizuizi, na pia huviweka. Ukurasa wa kwanza unachorwa alama ya swastika kwa unga mwekundu, na neno Shri, yaani heri, linaandikwa kwa kupangwa kama piramidi: moja juu, mawili chini yake, matatu, kuendelea. Jani la tambuu, popoo na sarafu huwekwa juu. Kisha kila chombo cha dukani kina mungu wake: daftari ni Saraswati, sanduku la fedha ni Kubera, mweka hazina wa miungu, mizani inaheshimiwa, na kidau cha wino ni Mahakali. Ndiyo, Kali, yule mwenye ulimi nje na shada la vichwa, amekaa kwenye wino wa muuza nguo! Siku hizi kompyuta imechukua nafasi ya daftari na unga mwekundu unapakwa kwenye kifuniko chake. Jazeni hiyo kwenye jedwali.

Ganesha mwenyewe: pembe moja imevunjika, panya miguuni, na modaka, kibonge cha unga wa mchele kilichojazwa nazi na sukari guru kikapikwa kwa mvuke. Hupewa majani 21 ya durva, aina ya nyasi; tulsi hapewi. Tulsi, ndugu wa mrehani, ni ya Vishnu. Sikukuu ya Ganesha ya hadharani ilipewa nguvu na Tilak, mwanasiasa aliyepinga ukoloni, kule Maharashtra mwaka 1893, kwa sababu za kisiasa pia. Sanamu ya udongo inakaribishwa, inakaa siku moja na nusu, 3, 5, 7 au 10, inaagwa, inazamishwa majini. Tatizo lilikuja na plasta: haiyeyuki, asubuhi vichwa na mikono vinaelea, na rangi zake zinachafua maji. Udongo wa kawaida haukuwa na shida hiyo.

Mwenyekiti ameinua karatasi. Indra namruka; alikuwa na karibu robo ya tenzi za Rig Veda, leo mahekalu yake ni haba, na Krishna aliwaambia watu wa kando ya mlima Govardhan waache kumtolea sadaka. Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, namruka, ingawa Jumanne na Jumamosi hekalu lake halina nafasi. Surya, mungu wa jua, pia. Ila panchayatana sitairuka. Wasmarta, kundi jingine la Wahindu, huweka miungu 5 kwenye sinia moja: Shiva, Vishnu, Devi, Surya, Ganesha. Mara nyingi ni mawe: la Shiva kutoka mto Narmada, la Vishnu, shaligrama, kutoka mto Gandaki wa Nepal, haya mawili hayahitaji hata kutiwa pumzi. Unayempenda unamweka katikati, wanne kwenye pembe. Nyumba ya pili jirani, sinia ile ile, mawe yale yale, katikati yuko mwingine. Wote wawili wako sahihi na hawagombani.

Kwa mtakaokwenda hekaluni Jumamosi na kundi la wanafunzi: viatu nje, prasadi, yaani chakula kilichotolewa kwa mungu, pokeeni kwa mkono wa kulia. Mzunguko ni kwa kufuata saa, mungu akiwa kuliani kwenu. Kwenye linga, nguzo fupi inayomwakilisha Shiva, hamzunguki kamili: mnakwenda mpaka mfereji unaotoa maji upande wa kaskazini, mnageuka, mnarudi mlikotoka, bila kuuvuka. Jani la bilva lina vipande vitatu, upande laini unalala juu ya linga. Maziwa hayamiminwi kwa chombo cha shaba nyekundu, na baada ya maziwa unasuuza kwa maji kabla ya mtindi. Mkiona mwalimu wenu anavuka mfereji, mshikeni shati.

Swali la Kali kumkanyaga Shiva nitalijibu, najua liko. Karibuni, aanze yule wa nyuma.